Kabla chama chenu kinunue boti ya jeti, tafuteni fundi

Umeziona zile video. Jamaa wa Alaska au Idaho amesimama ndani ya kiboti cha aluminiamu, maji ya mto yanafika kifundo cha mguu tu, mawe yanaonekana chini, na bado boti inateleza kama pikipiki kwenye lami mpya. Halafu mtu kwenye grupu la WhatsApp la chama anaandika: “Wasee, si tununue moja tuipeleke Athi? Wikendi tunabeba watalii, mvua ikija tunavukisha watu.” Watu kumi wanaweka emoji ya moto. Mweka hazina ananyamaza.

Mimi leo niko upande wa mweka hazina.

Wazo lenyewe si la kijinga. Boti ya jeti ilitengenezwa kwa ajili ya mito kama yetu, isiyo na kina. Miaka ya 1950, mfugaji mmoja wa New Zealand, Bill Hamilton, alichoka na mito ya kwao iliyojaa mawe, ambayo ingevunja propela yoyote. Akatengeneza boti ambayo haina kitu kinachoning'inia chini. Injini inazungusha impela iliyo ndani, impela inavuta maji kupitia wavu ulio kwenye sakafu ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Mwaka wa 1977 Edmund Hillary, yule wa Everest, alipanda mto Ganges kule India kwa boti za aina hiyo hadi maporomoko yakamzuia.

Lakini mito ya New Zealand ina mawe. Sisi tuna mchanga, na kama umekulia Ukambani sina haja ya kukueleza. Mito yetu mingi hukauka miezi kadhaa na watu wanachimba visima mlemle ndani. Malori yanabeba mchanga huo usiku na mchana kupeleka Nairobi. Sasa fikiria mashine ambayo kazi yake ni kunyonya kila kilicho chini yake. Impela huzunguka ndani ya pete, na nafasi kati yake ni nyembamba sana. Mchanga ukipita pale unasaga zote mbili kama msasa. Nafasi inapanuka, nguvu inapungua, injini inanguruma zaidi, petroli inaisha haraka na boti haisongi. Hakuna kilichovunjika ambacho utamwonyesha fundi. Imeisha tu, polepole.

Ndiyo maana wanaozijua boti hizi hawawashi injini kwenye maji ya kina kifupi. Ikishashika kasi na kuinuka juu ya maji, inaweza kupita mahali pa sentimita chache. Ikiwa imesimama, inafagia mto wote na kuumeza. Lazima uisukume kwanza hadi kwenye kina, hata kama viatu ni vipya.

Halafu kuna zawadi ya Nairobi. Mto Nairobi unaingia Athi juu ya Fourteen Falls, na kila kilichotupwa huko kinashuka kwetu: chupa, nguo, vipande vya neti. Nailoni moja tu ikiziba ule wavu, jeti inakosa maji na boti inakosa nguvu. Na hapa ndipo video hazikwambii ukweli: boti ya jeti haina usukani bila nguvu. Kinachoigeuza ni maji yanayorushwa nyuma. Dereva mgeni akiona jiwe mbele, mguu au mkono unaachilia mafuta, kama angefanya kwenye gari. Boti inaenda moja kwa moja kwenye lile jiwe. Ukiwa umebeba familia, hiyo si hadithi ya kuchekesha.

Tuje kwa bodi. “Aluminiamu haishiki kutu, bana.” Haishiki kutu ya chuma, ni kweli. Lakini acha kipande cha waya wa shaba kwenye maji yaliyotuama ndani ya boti, urudi baada ya muda uone kitobo. Inahitaji kusafishwa, kukaushwa, na kufungiwa kile kipande cha magnesiamu kinacholiwa badala ya bodi, ambacho lazima ukibadilishe kikiisha. Na ikipasuka? Majamaa wetu wa jua kali wanayeyusha aluminiamu kila siku kutengeneza sufuria, nawaheshimu sana. Kuchomelea bati jembamba la boti ni kazi nyingine. Aluminiamu haigeuki nyekundu kukuonya, inaanguka tu, na mashine ya kawaida ya kuchomelea mageti haifai. Unahitaji mashine ya gesi ya agoni na mtu aliyeifanyia mazoezi. Mulizeni ni nani, yuko wapi, na analipisha ngapi, kabla ya kuuliza bei ya boti.

Kama mpango wenu ni Masinga, basi hamhitaji jeti kabisa. Lile bwawa lina kina. Injini ya kawaida ya nyuma, yenye propela, inakula mafuta kidogo na kuna mafundi wanaoielewa. Najua haipendezi kwenye TikTok.

Kuna kitu kimoja kinachonifanya nisiue ndoto yenu kabisa. Desemba 2021 mto Enziu kule Mwingi ulisomba basi lililobeba wanakwaya, na zaidi ya watu 30 wakafa. Aprili 2024 boti iliyojaa abiria ilizama Kona Punda, Garissa, barabara ikiwa imemezwa na maji ya Tana. Mwezi huohuo watu walikuwa wakiokolewa kutoka kwenye nyumba zao hapa kwetu Mavoko. Juu ya barabara iliyofurika, boti isiyo na propela ina maana: haigongi lami, na haimkati mtu aliye majini. Ila mafuriko huja na matawi na takataka, kwa hivyo ule wavu utaziba, na kama hakuna aliyefundishwa kuuzibua mtakuwa watu wengine wa kuokolewa.

Boti hiyo itakaa kwenye trela miezi kumi ikisubiri wiki mbili za mvua. Katika hiyo miezi kumi ni nani ataiwasha? Nani ataangalia betri, grisi, panya waliokula nyaya? Nani atafuatilia leseni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, ambayo inasimamia hata boti za mito na maziwa, na kununua jaketi za kuokoa maisha za kutosha watu wote, si tano za kupigia picha?

Jumapili mkikutana, mweka hazina apewe nafasi ya kwanza kuongea. Alete karatasi yenye safu mbili: bei ya boti, na gharama ya kuiweka hai kwa mwaka mmoja, impela ya akiba ikiwemo. Kama safu ya pili haina jina la mtu mbele ya kila kazi, pesa zibaki benki na simu ya muuzaji isipigwe bado.