Kabla ya Siku ya Poda
Wazazi wa Likasi, twajua majuma haya ni mazito. Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, husahihishwa mbali, Kinshasa. Nanyi mko Kikula na Panda mkingoja simu ilie. Mtoto wa jirani akifaulu, hupakwa poda na mtaa mzima huimba. Wenu akishindwa, nyumba hunyamaza. Basi, twawasihi, maneno ya siku ile yatayarisheni leo. Mwambieni mtoto kabla habari haijafika: “Ukipata asilimia 50 au usipoipata, chakula chako kipo.” Mpeni kazi ya mikono, wala msimwulize kila asubuhi. Mtihani waweza kurudiwa mwakani. Moyo uliovunjwa na baba hauungwi upesi.