Simu Gani kwa Mwandishi wa Programu?

Kila mara naulizwa: wewe unayeunda programu, mbona hununui iPhone? Kwanza, kuiundia iPhone programu kwa Xcode kunataka tarakilishi ya Mac, na kuziweka App Store ni dola 99 kila mwaka. Google Play ni dola 25, mara moja tu. Kwa kijana anayeanza pale Eldoret, hiyo tofauti ni kodi ya chumba.

Lakini hata kwenye Android sitafuti simu kali. Nataka Tecno au Itel yenye RAM ya GB 2, kama ile ya mama mboga atakayeitumia kazi yangu. Hapo utaona mambo! Mteja anaiacha programu kidogo asome ujumbe wa M-Pesa, mfumo unaizima ili kuokoa nafasi, naye akirudi anakuta fomu yote tupu. Mauzo ya siku nzima aanze kuandika upya? Kwenye simu ya GB 12 huenda usilione hilo hata ukikesha. (Emuleta nayo hukopa nguvu za tarakilishi yako.)

Ukibakiwa na hela, ongeza ya pili upendavyo, mradi ipate masasisho. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023.