Utani Una Sheria Yake

Asubuhi ifuatayo pambano la Simba na Yanga, Kilwa Masoko huamka na kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea samaki waliovuliwa usiku. Ya pili ni kuwahukumu watu ishirini na wawili waliocheza mpira Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo. Kazi ya kwanza huisha kabla jua halijawa kali. Ya pili huendelea barazani, penye kahawa na kashata, hata adhana ya adhuhuri. Hukatizwa kwa sala, kisha hurejewa. Ndivyo ilivyo Kilwa Kivinje, ndivyo ilivyo Lindi mjini, na ndivyo ilivyo Ruangwa, mbali na bahari.

Wako wasomi wayadharauo mazungumzo hayo, wakisema ni porojo za watu wasio na shughuli. Dharau hiyo haina msingi. Mtu akaaye saa moja katika baraza la namna hiyo husikia uhakiki ambao madarasa mengi ya fasihi yangeuonea kijicho. Pana mtoa hoja na pana mpinzani. Pana mzee mwenye kuikumbuka mechi ya 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Na pana kijana amjibuye kwa mabao 5 kwa 1 ya Yanga, tarehe 5 Novemba 2023. Pana na istilahi pia. Msemaji hutaja "namba sita" akamaanisha kiungo alindaye mbele ya mabeki, na "namba kumi" akamaanisha yule achezaye nyuma ya mshambuliaji, hata kama jezi za watu hao zimeandikwa namba nyingine kabisa. Hesabu hiyo ni urithi wa zama ambazo jezi ziligawanywa kuanzia 1 hadi 11 kwa kufuata nafasi za uwanjani. Jezi zimebadilika, lugha imebaki. Wala si kuiga tu: Bobby Moore, nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966, alivaa namba 6 naye alikuwa beki wa kati, baraza la Kiswahili limempa namba sita kazi nyingine, na likaishika. Watu walioweza kujitungia istilahi zao na kuzitumia bila kukosana juu ya maana yake hawastahili kuitwa wapiga porojo.

Lakini elimu yote hiyo hufikia ukomo timu inapofungwa. Hapo hoja husimama, na neno moja huingia mahali pake: "Ameuza." Mara huwa ni kipa, mara namba tano, mara yule aliyepiga penalti ikatoka nje. Hausemwi mnunuzi ni nani, wala bei, wala aliyeshuhudia malipo. Kufungwa kwenyewe ndiko kumekuwa ushahidi, mwenye kushtaki ndiye kadhi, na mshtakiwa hayupo. Baraza lililokuwa chuo saa moja kabla hugeuka mahakama isiyo na sheria. Na hilo ndilo jambo lipasalo kulaumiwa bila kuoneana haya.

Wakilaumiwa, wenye baraza wana jibu lao, nalo ni moja pwani nzima: "Ni utani tu, bwana. Simba na Yanga ni watani wa jadi." Jibu hilo laonekana jema, na wengi huridhika nalo. Yafaa lichunguzwe, maana limesetiri maovu mengi.

Utani si neno la kuchezea katika nchi ya kusini. Wamwera, Wangindo, Wamatumbi, Wayao na Wamakonde waliujua utani kabla ya mpira wowote kufika ufukoni. Mtaalamu Radcliffe-Brown, alipoandika juu ya mila za namna hiyo mwaka 1940, alieleza kuwa ni uhusiano wa watu wawili ambao desturi yamruhusu mmoja kumdhihaki mwenziwe, na mwenziwe yampasa asikasirike. Wazee wa Lindi hawakuhitaji kufundishwa hayo na mgeni, ila wao wangeongeza jambo zito zaidi: kwamba mtani ana deni. Mtani amtukanaye marehemu matangani ndiye huyo huyo ashikaye kazi za maziko. Ruhusa ya ulimi imelipiwa kwa jasho la mikono.

Basi utani una sheria tatu. Una pande mbili, kila upande na zamu yake ya kusema. Husemwa mtu akiwapo, apate kujibu. Na hufungamana na wajibu wa kusaidiana siku ya msiba. Shabiki wa Yanga amwambiapo jirani yake wa Simba kwamba jana alilala bila kula, huo ni utani mtimilifu: jirani yupo, atajibu, na wakifiwa watazikana. Lakini shabiki amwambiapo mlinda mlango wa timu yake mwenyewe kwamba amekula fedha, yuko wapi huyo mtani? Mlinda mlango hakai barazani Kilwa. Hana zamu ya kujibu. Wala msemaji hatakwenda kumsaidia siku ya haja. Hapo hapana utani hata chembe; pana usingiziaji uliovikwa kanzu ya utani. Wauitao kwa jina hilo huwaonea watu wawili: humwonea mchezaji, na huionea mila iliyokuwa bora kuliko wao.

Tena na iulizwe: huyo ashuhudiaye, ameona nini? Kwa miaka mingi watu wa Kilwa na Lindi hawakuona kitu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika njia ya kusini ilikuwa mateso. Mpira ulifika kwa sauti ya redio. Msikilizaji wa siku zile alijua kuwa anasikiliza, akatia shaka. Mtazamaji wa siku hizi, aketiye katika kibanda umiza akalipa kiingilio, hudhani ameona yote. Hakuona. Kioo hufuata mpira, na katika watu ishirini na wawili humwonyesha yule aliye nao na wachache walio karibu. Makosa makubwa ya mpira wa miguu aghalabu hufanywa na mtu asiyeonyeshwa.

Mfano wake ni huu. Beki wa kushoto amepanda kushambulia; mpira umepotea. Namba sita, ambaye kazi yake ni kuliziba pengo, amechelewa kurudi. Namba tano hulazimika kutoka katikati amkabili winga, akaacha nyuma yake uwanja mtupu. Na winga akipiga krosi, mshambuliaji huikuta peke yake, mbele ya kipa. Kioo humwonyesha nani? Namba tano aliyepitwa na kipa aliyefungwa. Aliyepanda hayumo katika picha, na aliyechelewa hayumo. Basi watu wawili waliojaribu kuzuia ajali ndio wabebao jina la wauzaji, na wawili waliosababisha hulala usingizi mwema. Nafasi ya mlinda mlango ina msiba wake wa pekee: kosa la mshambuliaji husahauliwa akifunga baadaye, lakini la mlinda mlango huandikwa katika hesabu ya mabao na halifutiki.

Historia ya pambano lenyewe yawakana wenye neno hilo. Tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga ilikwenda mapumzikoni ikiongoza mabao 3 kwa 0. Mchezo ukaisha 3 kwa 3. Mwalimu wa Simba siku hiyo alikuwa Kibadeni yule yule wa 1977. Kama walinzi wa Simba walikuwa wameuza kipindi cha kwanza, ni nani aliyeinunua tena timu yao katika dakika kumi na tano za mapumziko? Na kama ni Yanga waliouza kipindi cha pili, kwa nini walijisumbua kufunga matatu kwanza? Hapo hapana biashara. Pana timu mbili zilizobadilika, na lililobadilika ndilo lililopasa kujadiliwa.

Wasemao kuwa maneno hayavunji mfupa na wamtazame Moacir Barbosa, mlinda mlango wa Brazil. Mwaka 1950 alifungwa bao la pili na Uruguay katika uwanja wa Maracanã, nchi yake ikakosa Kombe la Dunia. Alifariki mwaka 2000, na kwa nusu karne hakuachiwa kusahau. Andrés Escobar wa Colombia hakupewa hata nusu mwezi: alijifunga tarehe 22 Juni 1994, akauawa kwa risasi Medellín tarehe 2 Julai. Hakuna asemaye kwamba baraza la Kilwa litaua mtu. Isemwe tu kwamba neno likishatoka, msemaji hana tena hatamu yake.

Litatokea jibu jingine, tena la haki: je, mechi haziuzwi duniani? Huuzwa. Huko Italia, mwaka 2006, Juventus ilivuliwa ubingwa na kushushwa daraja kwa hila za kutafuta waamuzi wa kuipendelea. Lakini ilihukumiwa kwa mazungumzo ya simu yaliyonaswa, mbele ya jopo, na washtakiwa wakisikilizwa. Kwa kuwa uovu huo upo, ndiyo sababu haifai kuupachika kila mahali. Anayepiga yowe la mwizi kila usiku humfaidia mwizi, maana siku ya wizi wa kweli hapana atakayeamka.

Tena kusini hakuna udhuru wa umbali tena. Tangu mwaka 2019, Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu, mkoa wa Lindi una wachezaji wake wa kuwatazama kwa karibu. Tarehe 2 Agosti 2020 timu hiyo ilifungwa na Simba mabao 2 kwa 1, Sumbawanga, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania. Na kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi, Namungo iliyoshindwa ndiyo iliyokwenda kushindania Kombe la Shirikisho la Afrika, ikafika hatua ya makundi. Mtu wa Lindi aliyeona kwamba timu yaweza kushindwa kwa bao moja na bado ikastahili heshima, ana hoja gani ya kumnyima heshima hiyo mchezaji wa Simba au wa Yanga?

Baraza lisifungwe, wala utani usipunguzwe. Yatakiwa tu kwamba kabla ya neno "ameuza" kutamkwa, yaulizwe maswali matatu: Mchezaji huyo alipewa kazi gani? Ni nani aliyemwacha peke yake? Na msemaji ameona, au amedhani? Wazee wenye baraza ndio wapaswao kuyauliza, maana vijana hufuata mizani ya wazee. Waswahili wamekwisha sema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na hakuna mnyonge kuliko mtu ahukumiwaye asubuhi katika mji ambao hajapata kuukanyaga, kwa kosa alilofanya mwingine.