Pweza wa Bwejuu: kikundi bila mizani ni sare tu

Wanunuzi wa pweza wanaotegemea Wilaya ya Mafia wanafahamu vyema kuwa soko lao hufuata mwezi. Bamvua likiingia, maji hupwa mbali, miamba hutoka nje na mzigo huongezeka. Maji mafu yakirudi, mzigo hupungua na kila mmoja hulalamika. Hayo ni ya kawaida. Lisilozungumzwa sana ni nani anayeukusanya mzigo huo katika kisiwa kama Bwejuu, na iwapo mtu huyo anajiona kuwa ana lake katika kazi ile, au ni kibarua tu wa wakala aliyemkopesha.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala la ustawi wa jamii na halina nafasi katika ukurasa wa soko. Wanakosea. Mvuvi asiyejihesabu kuwa mwenye kazi hatunzi mwamba, hatunzi mzigo, na akipata wakala mwingine mwenye shilingi hamsini zaidi huhamia huko na deni la yule wa kwanza likiwa mgongoni. Hasara hiyo humrudia mwenye mtaji.

Bwejuu ni kisiwa kidogo na kazi yake kubwa ni bahari. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za pwani, uvuvi wa pweza una milango mitatu. Wako akina mama wanaotembea juu ya mwamba maji yakipwa, fimbo mkononi, wakichokoa mashimoni. Wako wanaume na vijana wanaozamia kwa miwani na mkuki, ng'ambo ya mwamba, ambako maji hayakauki na pweza ni wakubwa. Na wako wageni wa dago, wanaokuja na vyombo vyao, hupiga kambi ufukweni kwa msimu kisha wakaondoka. Wote huuza kwenye mizani, lakini hawasimami mbele ya mizani hiyo kwa hali moja. Mzamiaji mwenye ngalawa akichukizwa na bei anaweza kuupeleka mzigo wake Kilindoni. Mama hana chombo wala barafu. Pweza wake ana saa chache tu, na mara nyingi mwenye kununua ndiye yule yule aliyemkopesha unga na sukari wakati wa maji mafu. Bei aliyotajiwa ndiyo bei.

Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua pweza aliye chini ya nusu kilo. Ni kanuni nzuri, kwa kuwa pweza hukua haraka mno na maisha yake hayafiki miaka miwili; kumwacha kwa muda mfupi ni faida kubwa. Lakini anayekutana na wale wadogo kwa wingi ni yule anayetembea kwenye maji ya magoti. Kanuni ni moja kwa wote, na mzigo wa kuitii unamwelemea mmoja.

Hapa ndipo neno la kikundi linapoingia. Katika makampuni makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi kumezuka desturi ya vikundi vya wafanyakazi ndani ya kampuni: cha wanawake, cha vijana, cha wenye ulemavu. Wakubwa wa makampuni huvisifia kwamba vinamfanya kila mtu ajisikie yuko nyumbani. Vingi huonekana Machi 8, vikiwa na vitenge vya rangi moja na keki. Hakuna ubaya katika kitenge, lakini asili ya vikundi hivyo haikuwa sherehe.

Asili hiyo hutajwa kuwa kampuni ya Xerox ya Marekani. Mji wake wa Rochester ulikumbwa na ghasia za rangi mwaka 1964, na baada ya hapo kampuni ikaanza kuajiri Wamarekani Weusi kwa wingi zaidi. Kufika mwaka 1970 wafanyakazi hao walikuwa wamejikusanya katika umoja wao wenyewe. Mojawapo ya hoja zao kubwa ilihusu maeneo ya mauzo: wauzaji Weusi walikuwa wakipangiwa mitaa isiyo na biashara, ilhali kipato chao kilitegemea kamisheni. Wakadai maeneo yagawanywe kwa haki. Mtu aliyepewa mtaa mkavu hawezi kufarijiwa kwa hotuba kwamba yeye ni mmoja wa familia ya kampuni.

Mfanyabiashara wa Mafia ataielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa. Kwake yeye mtaa ni mwamba, na kamisheni ni bei ya kilo.

Tofauti iliyopo ni kwamba yule muuzaji wa Rochester alikuwa na mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini na inampa mwajiriwa wa Tanzania Bara haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mama wa mwambani hana mkataba, hana meneja wa kumlalamikia, na wakala atasema kwa ukweli kabisa kuwa hakumwajiri. Kwa hiyo kikundi chake kinalazimika kufanya kazi mbili: kuwa sauti kama chama cha wafanyakazi, na kuwa mfuko. Mfuko umeanza kueleweka, kwa kuwa VICOBA vilienea katika ukanda wa Rufiji, Mafia na Kilwa, vikisukumwa pia na mradi wa WWF uliojulikana kama RUMAKI. Wanawake wa pwani wamejifunza kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko. Wako wanaotunza daftari kwa usafi unaowashinda baadhi ya wenye maduka ya Kariakoo.

Sauti ndiyo iliyobaki nyuma. Kikundi kinachokutana kuweka akiba Ijumaa, kisha Jumamosi kila mwanachama akaenda peke yake mbele ya mizani ya mtu mwingine, kimeacha kazi nusu. Kingeanza na mizani yake. Uzito ukisomwa mbele ya wanachama na kuandikwa katika daftari lao, ubishi wa kilo hupungua kwa pande zote mbili. Mnunuzi naye ana malalamiko yake, tena ya haki: pweza akilowekwa maji baridi huongezeka uzito, na anayelipia maji hayo ni mwenye fedha. Mtu mmoja mmoja humwezi kumbana kwa hilo. Kikundi chenye jina la kulinda humbana mwanachama wake chenyewe.

Kuna kikundi cha aina nyingine ambacho wawekezaji wadogo wajihadhari nacho, nacho ni kile kilichoundwa na wakala. Yeye ndiye mlezi, yeye ndiye mweka hazina, na mkopo wa kila mwanachama uko mfukoni mwake. Kwenye karatasi wanachama ni thelathini. Ukweli ni mfanyabiashara mmoja na wadeni wake. Vikundi vinavyoendeshwa na ofisi ya utumishi katika makampuni ya mijini vina ugonjwa huo huo, ila wao huuficha kwa maneno laini zaidi.

La wageni wa dago ndilo gumu zaidi. Wenyeji wengi wa visiwani huwaona kama wavamizi, na pengine wana sababu. Lakini fikiria habari ya kufunga mwamba. Andavadoaka nchini Madagascar ilianza mwaka 2004 kufunga sehemu za kuvulia pweza kwa miezi michache, na Kisiwa Panza kule Pemba ilifuata njia hiyo katika miaka ya 2010. Mwamba ukifunguliwa, pweza huwa wakubwa na mnunuzi hufurahi. Hatari iko siku ya kufungua, kwani mwenye chombo na miwani hufika kwanza. Asiyeshirikishwa katika kufunga hana sababu ya kungoja, na mgeni aliyenyimwa kiti katika kikao huja usiku. Kumpa kiti chenye masharti, pamoja na ada, ni nafuu kuliko kumlinda. Na mama aliyengoja miezi yote hiyo apewe saa zake za kwanza mwambani kabla ya wazamiaji, la sivyo amefunga mwamba kwa faida ya wengine.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vinaundwa kwa haraka ili kuiwahi. Mnunuzi anayetaka kutoa fedha ya awali Bwejuu kabla ya bamvua lijalo aombe kuona vitu viwili: daftari la mizani, na orodha ya waliohudhuria kikao kilichopanga bei.