Kinu Kwanza, Mashine Baadaye

Kuna ugonjwa umeingia majumbani mwetu, na kwa kuwa hauui mtu, hakuna anayeutangazia hatari. Ni ugonjwa wa kununua chombo kabla ya kujua kazi yake. Umeingia kwenye simu, umeingia kwenye mabati ya rangi, na sasa, hapa Butiama na kwa jirani zetu wa Musoma na Bunda, umeingia kwenye kahawa.

Vijana wetu wanaofanya kazi Mwanza na Dar es Salaam wanarudi likizo na mashine ndogo ya kupikia kahawa ya espreso. Kahawa hiyo ni ile nzito ya Kitaliano, inayonywewa katika kikombe kisichozidi kile cha muuza kahawa wa Kariakoo. Mashine inawekwa sebuleni juu ya kitambaa kilichofumwa. Inang'aa. Kisha inafunguliwa pakiti ya unga wa kahawa uliosagwa zamani, haijulikani lini wala wapi, na wageni wanaambiwa wakae mkao wa kunywa. Kinachotoka ni maji machungu yenye povu. Wageni wanasifu, kwa adabu, halafu wanaomba chai.

Mimi nasema, bila kuzunguka, kwamba fedha hiyo imepotea. Mwenye fedha kidogo na hamu ya espreso nyumbani kwake anatakiwa kununua kinu cha kusagia kwanza, tena kinu kizuri, na mashine aifikirie baadaye kwa chenji itakayobaki. Akiwa na shilingi mia, sitini ziende kwenye kinu. Wanaouza mashine hawatamwambia hivyo, maana kinu hakina taa wala haking'ai.

Ndugu msomaji, jambo hili mama zetu wanalijua bila kufundishwa. Bibi zetu wa Kizanaki walisaga ulezi na mtama juu ya jiwe, na walijua kwamba uji na ugali huamuliwa pale jiweni. Ugali ukiwa na chenga, hakuna mwanamke wa Mara anayelaumu sufuria. Atauliza: nani amesaga unga huu? Ajabu ni kwamba watoto wa bibi hao hao, wakifika kwenye kahawa, wanabadili sufuria kila mwaka na unga hawauulizi.

Hebu tuangalie kazi yenyewe. Espreso hupatikana kwa kusukuma maji ya moto, yapata nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi, yapite katika unga wa kahawa ulioshindiliwa. Mgandamizo unaotakiwa ni wa bar 9 hivi, yaani karibu mara tisa ya mgandamizo wa hewa tunayoishi ndani yake. Watu wengi wa kazi hiyo huchukua gramu 18 za unga, wakapata gramu 36 hivi za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Sasa kumbuka tabia ya maji: hutafuta njia nyepesi. Kama unga una mchanganyiko wa vumbi na vipande, maji yatapenya penye vipande na kuliacha vumbi lichachamae. Kikombe kimoja kitakuwa kichungu na kikali kwa wakati mmoja. Kama unga wote ni mnene, maji yatapita mbio kama mvua kwenye bati. Kama wote ni laini mno, hayatapita. Tofauti ya unga mzuri na mbaya ni ndogo kiasi kwamba jicho halioni, lakini sekunde zinaonyesha. Mashine haina uwezo wa kurekebisha hilo, hata ikigharimu bei ya ng'ombe watatu.

Wenye viwanda wanalijua tatizo hili, ndiyo maana mashine nyingi za bei nafuu huja na kichujio chenye tako la pili, lililotobolewa tundu moja dogo kama la sindano. Kahawa inalazimishwa kupita kwenye tundu hilo na kutoka na povu, hata unga ukiwa wa mwaka jana. Povu hilo ni la kughushi. Linamdanganya mnunuzi aamini kwamba amepata alichokitafuta. Na kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa: bar 15! Kana kwamba nyingi ni bora. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu. Kahawa yenyewe inahitaji 9. Mtu akikuuzia jembe kwa kukusifia urefu wa mpini, ujue bati la jembe lina kasoro.

Historia nayo inatufundisha. Mitaliano Luigi Bezzera aliandikisha mashine yake mwaka 1901, ikifanya kazi kwa mvuke. Mvuke ule haukuwa na nguvu nyingi. Achille Gaggia wa Milano aliandikisha njia yake mpya mwaka 1938, na baada ya vita, mwaka 1948, zikatoka mashine zake za mkono na springi. Mpishi alivuta mkono, springi ikasukuma maji, na povu la rangi ya hudhurungi likaonekana juu ya kikombe. Yaani espreso tunayoijua leo ilianza kwa nguvu ya mkono wa mtu. Hata leo zinatengenezwa mashine ndogo za mkono zisizotumia umeme kabisa: unamimina maji ya moto, unakandamiza mkono, basi. Sisi tunaojua umeme unavyokatika saa mbili usiku tungezikimbilia hizo. Badala yake tunanunua zenye kula wati 1,000 hadi 1,500, halafu tunakaa gizani tukizitazama.

Kuna na birika dogo la alumini, la Alfonso Bialetti, lililotokea Italia mwaka 1933. Maji yapo chini, unga katikati, kahawa inapanda juu. Linakaa juu ya jiko la gesi, na kwa moto mdogo hata juu ya mkaa. Siyo espreso kamili, maana mgandamizo wake haufiki hata bar 2, lakini ni jirani yake wa karibu, na bei yake ni ndogo sana kuliko mashine. Mtu mwenye birika hilo na kinu kizuri atakunywa vizuri kuliko mwenye mashine kubwa na unga wa pakiti.

Kinu kizuri ni kipi? Si kile cha umeme chenye visu viwili vinavyozunguka. Kile kinakatakata, hakisagi. Tafuta chenye meno ya chuma kigumu, moja limekaa ndani ya jingine, na skrubu ya kusogeza meno hayo karibu au mbali kwa hatua ndogo ndogo. Kishike mhimili wake ukiutikise. Ukicheza, kiache dukani. Cha mkono kinatosha kabisa, maana fedha yote imeingia kwenye meno badala ya mota. Gramu 18 zinasagika kwa dakika moja au mbili. Wapo wanaosema inachosha. Watu waliokua wakitwanga kisamvu na kusaga mtama wasinichekeshe.

Na asiye na hata hizo? Kinu cha kutwangia na mchi vipo kila nyumba. Waethiopia wametwanga kahawa hivyo kwa karne nyingi na kuipika katika chungu chenye shingo ndefu, na karibu nusu ya kahawa yote wanayolima wanainywa wenyewe. Kahawa ya kutwanga haifai mashine ya espreso, kwa sababu ya lile vumbi na vile vipande nilivyoeleza. Lakini kwa kuchemsha katika sufuria inafaa sana. Kwa hiyo simwambii mtu maskini asinywe. Namwambia asinunue mashine.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo hayagharimu kitu, na yote yako upande wetu. La kwanza ni maji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi ya ziwa. Kwa sababu hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi au pungufu kidogo, wala hayafiki 100. Mtu wa Tanga akichemsha, inabidi angoje yapoe. Sisi tukiepua tu, joto ni lile lile linalotakiwa. Mwenye mashine ya mkono hapa kwetu hahitaji kununua kipimajoto.

La pili ni kahawa yenyewe. Buni mbichi iliyokauka vizuri hukaa miezi bila kuharibika. Ikishakaangwa, uzuri wake ni wa wiki chache. Ikishasagwa, harufu inaanza kuondoka ndani ya dakika, na kesho yake umebaki na rangi tu. Basi ukiwa na kinu unaweza kununua buni, ukaikaanga mwenyewe katika kikaango kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ukikoroga bila kuacha mpaka isikike ikipasuka kama bisi. Ukaimwaga kwenye ungo, ukaipepeta ipoe haraka, ukaiacha siku chache, kisha ukasaga kidogo kidogo kila unapotaka kunywa. Mwenye mashine bila kinu hawezi kufanya lolote katika haya. Ni mtumwa wa pakiti.

Na buni haitoki mbali. Vuka daraja la Kirumi juu ya mto Mara, panda mpaka milima ya Tarime: pale inalimwa arabika. Zunguka ziwa upande wa magharibi, Kagera: robusta, yenye nguvu na povu jingi, aina ambayo Waitaliano wenyewe huichanganya katika espreso zao nyingi. Watu wawili wa ziwa moja wanalima aina zote mbili ambazo Roma na Napoli wanazihitaji. Nasi tunakwenda mjini kununua pakiti!

Nilipomweleza haya mpwa wangu, alinijibu kwa heshima lakini kwa ubishi: "Mjomba, kahawa si jadi yetu sisi wa bara. Ni ya watu wa pwani na kashata zao." Nikamuuliza: Wahaya ni wa pwani gani? Walikuwa wakitafuna buni iliyochemshwa na kukaushwa, na kumpa mgeni kama ishara ya udugu, kabla Mjerumani hajaiona Bukoba. Akasema tena, "Basi ya kopo inatosha." Hapo sikubishana sana. Kahawa ya unga ya papo kwa papo inayotengenezwa Bukoba ni yetu, na ni kitu cha kweli: haidai kuwa espreso, na inataka maji ya moto tu. Mwenye kuridhika nayo aendelee, fedha yake abaki nayo. Ninayemgombeza ni yule anayenunua mashine ya gharama kwa ajili ya kunywa kitu kibaya kuliko ya kopo.

Mtu ataniuliza, kwa nini upandishe sauti kwa kikombe kidogo hivyo? Kwa sababu nyuma ya kikombe yupo mkulima. Sehemu kubwa sana ya kahawa ya Tanzania inauzwa nje. Kwa miaka mingi imepita mnadani Moshi, na kabla ya mnada wapo waonjaji wanaoinywa na kuipa daraja. Mkulima haonji. Anaambiwa, "Yako ni daraja hili," naye anaitikia, kwa sababu hajawahi kuinywa kahawa ya shamba lake. Mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989, bei ziliporomoka, na wakulima wengi waling'oa au kuitelekeza mibuni bila hata kujua ladha ya kitu walichokuwa wakikitupa. Utabishanaje bei ya kitu usichokijua ladha yake? Mfugaji wa Mara akiuza ng'ombe, hudanganyiki naye: anajua uzito kwa macho na maziwa kwa ulimi. Kwenye kahawa tumekuwa vipofu wa mali yetu.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa hapa hapa Butiama, aliusumbua ulimwengu kwa malalamiko kwamba nchi maskini zinazidi kuuza mazao mengi ili kununua trekta lile lile. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 akatuonya tusifanye fedha kuwa silaha yetu, maana hatunayo. Mtu anaweza kubishana na mengi ya siasa zile, na wengi wamebishana. Lakini sisi tumepiga hatua nyingine ya kurudi nyuma: tunauza buni mbichi kwa bei ya kutupa, tunanunua mashine, kisha tunanunua na unga uliokaangwa na mwingine wa kuitilia mashine hiyo. Tumelipa mara tatu na bado hatujanywa kahawa.

Kinu kinaukata mnyororo huo mahali pamoja. Mwenye kinu anaweza kununua kilo mbili za buni kwa jirani wa Tarime, akakaanga za shamba hili na za shamba lile, akaonja, akasema hii ina utamu, ile ilivunwa mbichi. Akirudi kwa mkulima na habari hiyo, mkulima naye ataanza kujua. Kazi hiyo mashine ya sebuleni haiifanyi, hata ikiwa na taa za rangi saba.

Kwa hiyo kijana unayepanga kurudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili na boksi kubwa kichwani mwa basi, nakuomba usikie. Uza wazo la mashine. Lete kinu cha mkono chenye meno ya chuma, na birika dogo la alumini kama fedha inaruhusu. Pitia Tarime uchukue buni. Mashine itakuja siku fedha itakapokuja, na ikija itakuta kuna kitu cha kuweka ndani yake.