Friza la laki nne linaweza kukugharimu kuliko la laki saba na nusu

Wapambanaji wenzangu, joto likikaribia tu, matangazo ya mafriza ya mtumba yanajaa mtandaoni. "Friza kali, linagandisha fasta, laki nne tu, wahi." Na kila mwenye wazo la kuuza juisi, barafu, samaki au kuku wa kugandisha anaona hapo ndipo pa kutokea.

Mimi msimamo wangu ni huu: tangazo la friza ambalo halisemi linakula uniti ngapi kwa siku limekupa nusu ya bei. Nusu nyingine utailipa kwenye LUKU, kidogo kidogo, mpaka siku unaliuza kwa wa vyuma chakavu.

Nina duka hapa Mikese, nauza dukani na mtandaoni, na friza ninalo. Umeme sijausomea popote. Hesabu za humu ni kuzidisha na kugawa tu, kwa hiyo chukua simu uhakiki mwenyewe.

Kwanza tuelewane friza linafanya kazi gani. Halitengenezi baridi. Linachota joto lililoko ndani na kwenda kulimwaga nje, ndio maana ukigusa nyuma au ubavuni unakuta pamoto. Kompresa inasukuma, gesi inabeba joto. Kwa maneno mengine ni pampu ya joto. Wenzetu wa Sweden, Norway na Finland wanafunga mashine ya aina hiyohiyo majumbani, ila wao wameigeuza: inachota joto la nje, hata kukiwa na baridi kali, na kulimwaga ndani ya nyumba. Wanaing'ang'ania kwa sababu kuhamisha joto kunakula umeme mdogo kuliko kulitengeneza kwa hita. Ila mashine yenyewe ni ghali kuinunua. Kwa hiyo swali lao na letu ni moja: ulipe nyingi leo ule kidogo kila mwezi, au ulipe kidogo leo ule nyingi miaka yote?

Sasa tupige hesabu.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Chukua friza jipya la ukubwa wa kawaida wa biashara ndogo, lenye wati 100, motor yake inafanya kazi nusu siku na nusu inapumzika. Wati 100 mara saa 12 ni uniti 1.2 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 36.

Chukua na la mtumba lililochoka, lenye wati 150. Mpira wa mlango umelegea, gesi imepungua, motor inaunguruma saa 20 kati ya 24. Hapo ni uniti 3 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 90.

Bei ya umeme natumia ile iliyopangwa na EWURA mwaka 2016. Mteja wa T1, ambako ndiko maduka mengi yaliko, analipa Sh 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika kama Sh 356. Kama una wasiwasi soma risiti yako ya LUKU, vyote vimeandikwa pale.

Friza jipya: uniti 36 mara 356 ni Sh 12,816 kwa mwezi.
La mtumba lililochoka: uniti 90 mara 356 ni Sh 32,040 kwa mwezi.

Tofauti ni Sh 19,224 kila mwezi. Tuseme la mtumba umelipata kwa 400,000 na jipya lilikuwa 750,000. Ile 350,000 uliyofurahia kuokoa inamalizwa na LUKU ndani ya miezi 18 au 19. Kwa miaka mitatu, la mtumba litakuwa limekula Sh 1,553,440 ukijumlisha bei na umeme. Jipya litakuwa limekula Sh 1,211,376. Na hapo sijaweka hata mara moja ya kumwita fundi aje kujaza gesi.

Kwa lugha ya mzigo ni hivi. Kama unauza barafu za ubuyu na kila moja inakuachia faida ya Sh 50, friza jipya linahitaji barafu 256 kwa mwezi kulipa umeme wake. Lile lililochoka linahitaji 641. Hizo 385 za juu umezipika, umezifunga, umezigandisha na umezitangaza kwa ajili ya kulisha motor ya zamani. Mtoto hajala, mtaji haujakua.

Sasa kuna jambo ambalo wengi tunaofanyia biashara nyumbani hatulioni, na ndilo linaloumiza zaidi. Nyumba nyingi za huku kwetu ziko kwenye D1, bei ya watu wenye matumizi madogo ya nyumbani. Uniti 75 za mwanzo za mwezi ni Sh 100, na makato yote inakuwa Sh 122. Ukivuka 75, kila uniti ya juu inakuwa Sh 350 kabla ya makato, yaani Sh 427 ukijumlisha. Ukizoea kuvuka, unaweza kutolewa D1 ukahamishiwa T1, na hapo bei nafuu imekwisha hata kwa taa ya chumbani.

Tuseme nyumba yako inatumia uniti 30 kwa taa, TV, pasi na simu. Unalipa Sh 3,660 kwa mwezi. Ukiweka friza la uniti 36, jumla inakuwa 66. Bado uko chini ya 75, unalipa Sh 8,052. Ukiweka lile la uniti 90, jumla inakuwa 120. Uniti 75 za kwanza ni Sh 9,150, na 45 za juu ni Sh 19,215, jumla Sh 28,365. Ukihamishiwa T1 ni Sh 42,720. Nyumba ileile, barafu zilezile, tofauti ni friza tu. Mama mwenye nyumba akianza kununa kwamba umeme unaisha haraka, muelewe, anayo haki.

Najua jibu la wengi: "Kaka, mtaji wangu wote ni laki nne, hiyo saba na nusu naitoa wapi?" Hoja hiyo naiheshimu, maana wengi wetu tumeanza na chini ya hapo. Lakini laki nne haikulazimishi kununua friza kubwa lililochoka. Unaweza kununua dogo jipya. Friza dogo lililojaa lina faida kuliko kubwa linalogandisha hewa. Unaweza kukodi nafasi kwenye friza la jirani, mkakubaliana bei kwa wiki, ukapima kwanza kama mzigo unatoka. Unaweza kusubiri zamu yako ya mchezo au mkopo wa kikoba. Ukiona lazima iwe mtumba, sawa, wapo waliopata mazuri. Lakini nunua kwa kupima, usinunue kwa picha.

Kabla ya kutoa hela, fanya haya:

1. Soma kibandiko. Mengi yanayotoka Ulaya yana namba ya kWh kwa mwaka. kWh ndiyo uniti yenyewe. Gawa kwa 365. Ukikuta 438, ni uniti 1.2 kwa siku. Hiyo ni namba ya siku lilipokuwa jipya, kwa hiyo ongeza kidogo.

2. Angalia volti. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya Japani ni 100, ya Marekani ni 120. Ukichomeka moja kwa moja unaiunguza, na transfoma ni gharama nyingine.

3. Sikiliza motor. Mwambie muuzaji aliwashe tangu jana yake, wewe uje leo. Friza zima likishagandisha, motor inazima na kupumzika, halafu inawaka tena. Ukikaa pale saa nzima linaunguruma tu bila kupumzika, hilo ndilo la uniti 3.

4. Bana noti kwenye mlango, kisha uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inavuja.

5. Uliza gesi. Ikiandikwa R600a, ni nzuri na inatumika kwenye mashine nyingi mpya, lakini inashika moto, kwa hiyo inataka fundi anayeijua. Ikiandikwa R12, achana nalo. Hiyo ni gesi ya zamani iliyopangwa kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Friza lenye gesi hiyo ni mzee sana.

Kwa biashara, mimi napendekeza linalofunguka juu. Hewa ya baridi ni nzito, inakaa chini, kwa hiyo ukifunua kumhudumia mteja haimwagiki yote. La mlango wa mbele kila ukifungua baridi inashuka miguuni kwako. Na umeme ukikatika, friza lililojaa ambalo halifunguliwi linaweza kushikilia barafu kama siku mbili. Lililo nusu, kama siku moja.

Halafu mahali pa kuliweka. Mikese si Mgeta. Kule juu Uluguru usiku watu wanajifunika mablanketi mawili, friza linamwaga joto kirahisi. Huku chini barabarani, ndani ya chumba cha bati bila dari, saa nane mchana, linalazimishwa kumwaga joto kwenye joto. Hata jipya litakula zaidi. Liweke kwenye kivuli, mbali na jiko, liache na ukuta kama upana wa kiganja, futa vumbi nyuma, na barafu ikinenepa kwenye kuta iyeyushe. Hayo yote ni bure.

Nimalizie na nyie mnaouza mafriza mtandaoni, maana humu mpo wengi na ni wenzetu. Mnapiga picha nzuri, mnaandika lita, mnaandika bei, mnaandika "halina shida". Ongezeni mstari mmoja: linakula uniti ngapi kwa siku. Kifaa cha kupimia kipo, unachomeka kwenye soketi, friza unalichomeka juu yake, kesho unasoma namba. Ukiwa na friza zuri la mtumba, namba hiyo ndiyo itakayokuuzia, hata ukiweka bei juu kidogo ya wenzako. Ukiwa na bovu, shusha bei na useme ukweli, atalinunua mwenye kulitaka kwa vipuri. Mteja akishapigwa na LUKU miezi mitatu harudi kwako, na ndugu zake harusi nzima wanakujua.

Na wewe mnunuzi, kuanzia leo swali la kwanza lisiwe "mwisho shingapi?" Uliza "linakula uniti ngapi?" Muuzaji akikwambia "halili umeme kabisa hilo," jua hajapima. Mwombe apime, au zidisha mwenyewe wati mara saa kabla hujatuma hela.

Mwenye friza tayari, pima la kwako wiki hii kisha tuandikie hapa: ukubwa wake, jipya au mtumba, uniti kwa siku, na uko wapi. Tukipata namba za kutosha kutoka Mikese, Moro mjini, Dar na kwingine, anayeanza mwakani atakuwa na pa kuangalia kabla ya kutoa laki zake.