Kijana wa chuo si kibarua wa palizi

Ndugu mkulima, huku Nyanda za Juu Kusini palizi ya mahindi na mbolea ya kukuzia hutubana Januari, wakati mtihani wa muhula wa kwanza chuoni umekaribia. Ndipo simu zinaanza: "Njoo utusaidie." Kijana anapanda basi Ijumaa, Jumatatu anarudi hoi, vipindi vimempita. Mimi nasema tafuta kibarua. Nauli ya kwenda na kurudi ingelipa sehemu ya kazi hiyo.

Muombe ratiba ya mitihani, uibandike ukutani. Nawe mwenye duka, usimwite aje kukuuzia siku za gulio.

Fedha ya mavuno usimpe yote kwa mkupuo, mtumie kila mwezi. Ukipiga simu, uliza kwanza kama amekula na kulala, matokeo baadaye.